Tafadhali Msimfunike Baba Macho

Al-Safa, Jeddah
Agosti 2016

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Teknolojia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umeketi. Mimi ni Winfred wa Machakos, mfanyakazi wa nyumbani hapa Jeddah. Nimesoma makala yako kuhusu ule mchezo wa video wa jiji kubwa, ambamo mchezaji huzurura atakako, huiba magari na kufukuzwa na polisi. Umeandika kwa furaha kwamba kuna matumaini ya kuutengeneza upya kwa miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika uso mzima hadi mtu ajione yumo jijini mwenyewe. Kwa heshima zote, nakuomba uandike makala nyingine useme haiwezekani. Sababu zangu ni hizi.

1. Vyombo. Baba, yaani kafili wangu, mwajiri anayenidhamini hapa nchini, hucheza kila jioni akitoka kazini. Gari likikata kona kwenye runinga, naye hukata kona kwenye zulia. Juzi alipiga teke birika la kahawa, na Madam akaniuliza mimi kwa nini niliweka birika mahali mguu wa Baba ulipokuwa unakwenda. Hapo macho yalikuwa wazi. Akifunikwa, nitajificha wapi na sinia?

2. Madam. Huku wanawake hawaendeshi gari. Yeye huendeshwa na Protus, dereva wetu kutoka Bungoma. Siku ya kwanza Madam kucheza, alimpeleka mtu wake wa mchezoni hadi kwenye gari, akamsimamisha kando ya mlango wa nyuma, akangoja afunguliwe. Alingoja mpaka akagongwa na lori. Sasa amehitimu. Mchana kutwa yuko barabarani kwenye kochi, na akitoka kweli humkaripia Protus kwa kusimama kwenye taa nyekundu bila sababu. Akipewa miwani, Protus atarudishwa kwao, nami nitakosa mtu wa kuongea naye Kiswahili.

3. Maadili. Jiji hilo halina kafili. Mtu hutoka nyumbani bila kumwomba yeyote. Polisi humfukuza kwa kuua, lakini hawajawahi kumwuliza ikama, kile kibali cha kuishi nchini. Siku moja Madam alinishikisha kidude cha kuchezea akaenda kupokea simu. Kwenye runinga, lango lilikuwa wazi mbele yangu. Nilisimama palepale nikingoja ruhusa mpaka aliporudi. Alicheka hadi akatoa machozi. Mimi sikucheka, Ndugu Mhariri. Nilikwenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mkataba wangu uliisha kabla ya Ramadhani. Ili niondoke nchini lazima Baba akubali, na kibali hutolewa kwa simu yake, kwa kubonyeza tu. Kila nikimwomba husema bukra, yaani kesho, na bukra ya Baba haina tarehe. Nina nafasi moja tu ya kusikika: mtu wake akifa, runinga huwa nyeusi kidogo kabla hajafufuka. Hapo ndipo huingia na chai na ombi langu. Mchezo ukihamia kwenye miwani, giza hilo litakuwa la Baba peke yake. Nami nilimwacha mwanangu Lydia hana meno ya mbele. Kwenye picha sasa anayo, na nataka kuyaona yakitafuna muhindi.

Nisikuchoshe. Wasalimie wote hapo ofisini, mlinzi wa lango, na hasa yule anayewapikia chai, maana huyo huwa hasalimiwi.

Ni mimi msomaji wako mwenye wasiwasi,
Winfred Mwende

Tanbihi: Puuza yote niliyoandika. Kabla sijaituma barua hii, Baba aliletewa miwani hiyo na ndugu yake, ikiwa na mchezo mwingine wa mbio za magari. Nikamwomba tena. Kumbe mtu aliyefunikwa macho hasemi bukra. Anachotaka ni uondoke kabla hajakukanyaga. Alisema tayyib, halas, yaani sawa, basi, nenda. Nikamwuliza mara ya pili, isije ikasemwa nimemwibia. Akaninyoshea simu na kidole, nikamwelekeza pa kubonyeza. Tiketi alilipia kwa kidole hichohicho. Madam, aliyeachiwa runinga, alikuwa kwenye usukani. Nilipomwulizia pasipoti alisema iko droo ya juu, nichukue mwenyewe, nisije nikamsababishia ajali.

Naandika haya nikiwa uwanja wa ndege. Protus alipofungua lango la nyumba nilisimama nikingoja ruhusa, hadi akapiga honi.

Waambie wenye mchezo waharakishe. Rafiki yangu Risper yuko Riyadh, mkataba wake uliisha kitambo, na bosi wake bado anacheza kwenye runinga.