Mabango Mawili ya Mzee Walter

Jumanne, 25 Oktoba 2005. Springfield, Virginia.

Dada yangu Dorothea, shikamoo. Daftari hili nalianza leo, likijaa nitampa mtu anayesafiri akuletee Bukoba. Mama shikamoo, pole na miguu. Shemeji Cosmas, pole na kifua. Respicius na Queen nawasalimu, na yule mdogo wao ambaye sijamwona. Mama Bilha wa jirani naye namsalimu, ijapokuwa sufuria yangu hajairudisha tangu niondoke. Mimi ni mzima. Mzima wa kusimama, usingizi hakuna.

Unajua namtunza Mzee Walter, miaka themanini na moja, nalala chumba cha chini kwake. Mtoto wake ni mmoja, Greg, anakaa Falls Church, huja Jumapili. Sasa kuna uchaguzi wa gavana. Huyo ni kama mkuu wa mkoa, ila wananchi wenyewe ndio wanamchagua. Mzee ni wa bango jekundu, amelichomeka kwenye majani mbele ya nyumba. Greg ni wa bango la buluu. Juzi wamegombana mpaka chai imepoa.

Greg aliniambia mlangoni, anavaa koti. Jumapili ijayo akilikuta lile bango, haji tena. Tena atampeleka Mzee nyumba ya wazee, akawahubirie manesi.

Mzee akienda huko, mimi naenda wapi? Na yeye je? Kila Jumapili asubuhi ananiambia nimpigie pasi shati la mistari. Anasema si kwa ajili ya Greg, ni baridi tu.

Jumatano, 26 Oktoba.

Nimekaa na televisheni nielewe ugomvi. Nisingekaa. Wa jekundu anasema wa buluu atatia mkono mfukoni mwa kila mtu. Wa buluu anasema wa jekundu hana huruma hata na mtoto wa shule. Sauti yenyewe nzito, kama anatangaza msiba. Na mpinzani wanamtoa rangi, picha nyeusi na nyeupe, macho yamelegea. Wa buluu nilidhani amekufa. Nimemwombea.

Nimegundua kitu. Mzee alipomwambia Greg habari ya mkono mfukoni, yalikuwa maneno ya televisheni, neno kwa neno. Na Greg alipojibu habari ya mtoto wa shule, vilevile. Baba na mwana hawajaongea maneno yao wenyewe tangu Agosti.

Simu imelia mchana. Mwanaume, anamsema wa buluu. Nimemsalimu, nimemuuliza habari za nyumbani kwake. Hakuitikia, ameendelea kusema tu. Mzee akanieleza kuwa ni mashine. Hata mashine haina adabu.

Alhamisi, 27 Oktoba.

Nimepata dawa.

Flaviana amepita. Yule wa Moshi, tunasali naye. Siku hizi ana uraia, basi hapumui. Amevaa beji kifuani, ana ubao wa karatasi, anatembea nyumba kwa nyumba kumpigia debe wa buluu. Akaniuliza niko upande gani. Nikasema wa kwako. Mimi hata kura sina, kuna hasara gani? Akanipa bango la buluu.

Nimelichukua kama tulivyokuwa tunachukua kanga. Unakumbuka ule mwaka wa uchaguzi? Asubuhi tulipokea kanga za chama hiki, jioni za chama kile, tukala pilau pande zote mbili, na hakuna aliyekosana na mtu. Hawa watu hapa shida yao ni moja. Wanadhani mtu anaweza kuwa na kanga moja tu.

Mpango ndio huu. Mzee hulala saa saba hadi saa tisa. Greg hufika saa nane. Hapo katikati nang'oa jekundu, nachomeka buluu. Akiondoka Greg, narudisha.

Jumapili, 30 Oktoba.

Mungu ni mkubwa. Greg ameliona lile la buluu, amesimama nje muda mrefu, mikono mfukoni. Nikamnong'oneza kuwa Mzee ameanza kuelewa ila ana aibu, asimtajie. Mzee alipoamka nikamnong'oneza kuwa Greg amekubali baba ana hoja, lakini naye ana aibu. Hakuna aliyetaja gavana. Wameongea mpira, ile timu ya uwanja wa kule Landover, dakika arobaini. Mzee ameomba chai ya pili.

Nilikwenda kulia kidogo chini, kwenye mashine ya kufulia.

Alhamisi, 3 Novemba.

Flaviana amepita tena, amekuta jekundu limesimama. Akauliza la kwake liko wapi. Nikasema nimelifua.

Akanitazama. "Honorata, umelifua bango?"

"Lilikuwa na vumbi, mdogo wangu."

Sijui kama ameamini. Akasema hata hivyo nyumba hii kaiandika kwenye karatasi yake kuwa imeongoka, na Jumapili saa nane ataleta wenzake waje kushukuru. Sasa mgeni anakwambia anakuja nyumbani, wewe utamwambia usije? Nikasema karibuni sana. Nikasema na ndizi nitapika.

Mdomo huu. Sijalala.

Jumapili, 6 Novemba.

Nimeharibu.

Saa saba na nusu nimebadilisha bango. Nilipanga wageni wakifika niwapokee hukohuko nje, wale ndizi nje, waondoke kimyakimya. Greg kafika mapema, na pai ya maboga, kaketi sebuleni na gazeti. Mzee kalala. Vizuri.

Flaviana kaja na watu wanne. Kaona bango la buluu limesimama. Kaona na ndizi. Akasahau yuko Amerika, akapiga vigelegele. Vya harusi, vile virefu. Mbwa wa mtaa mzima wamejibu.

Mzee katoka na soksi, nywele zimesimama, kofia yake nyekundu kichwani. Kaliona bango la buluu kwenye majani yake. Flaviana akamshika mkono, akamshukuru kwa kuongoka. Greg naye katokea nyuma, pai mkononi, anaitazama ile kofia.

Mzee akauliza ni nani amegusa bango lake, wakati Greg mwenyewe alishakubali kuwa ana hoja. Greg akauliza ni lini alikubali kuwa baba ana hoja. Halafu wote wawili wakageuka, wakanitazama mimi. Dada, walivyogeuka. Shingo ileile, pua ileile. Sijawahi kuona baba na mwana wanaofanana vile.

Flaviana akasema, "Alisema amelifua." Hakuulizwa.

Nikaingia jikoni. Nikasikia wanahesabiana uongo wangu, huyu anataja wake na yule wake. Greg akaanza sentensi, Mzee akaimaliza. Halafu wakacheka. Mzee amecheka mpaka amekohoa, Greg akampigapiga mgongoni. Wakala ndizi zote. Mimi nilikuwa gereji, nimekaa kwenye ndoo, mabango yote mawili mapajani.

Jumatatu, 7 Novemba.

Greg amerudi leo, siku ambayo si yake. Wameshauriana. Mzee atahamia kwake Falls Church kabla ya sikukuu yao ya kushukuru, ile ya bata mzinga mwisho wa mwezi huu, nyumba itauzwa. Nyumba ya wazee haendi. Mimi wananishukuru. Greg amesema nina moyo mzuri lakini hawezi kumwachia baba yake mtu ambaye hajui lini anasema kweli. Hata mimi sijui.

Mzee aliomba shati la mistari lipigwe pasi, lifungwe la kwanza.

Jumatano, 9 Novemba.

Wa buluu ameshinda. Asubuhi kwenye televisheni wa jekundu amesimama na mke wake, anasema amempigia simu mwenzake kumpongeza, na kwamba ni mtu mwema. Mtu mwema! Yuleyule wa mkono mfukoni. Na picha yake wamemrudishia rangi, ana mashavu kabisa.

Wao wanapongezana kwa simu, mimi nafunga nguo kwenye mifuko. Mzee alizima televisheni, akasema hayo ndiyo maneno ya uchaguzi, huwa wanayasema tu. Nimemuuliza mbona hakuniambia Oktoba. Akasema hakuyajua Oktoba.

Jumapili, 20 Novemba. Falls Church.

Nalala sebuleni kwa Flaviana. Ndiyo, yeye. Alisema nije, wala hakucheka, na hilo ndilo limeniuma.

Lakini humu nako kuna jambo, Dada. Chama chetu cha kuzikana kinachagua mwenyekiti Desemba. Flaviana anamtaka Gwakisa. Mumewe, Silvanus, anamtaka Kamande, anasema Gwakisa ni mropokaji. Jana wamerushiana maneno, Silvanus akaenda kula nje. Watoto wanaongea Kiingereza kwa sauti ndogo. Nyumba ikivunjika hii, mimi nakwenda wapi?

Nimeshamnong'oneza Flaviana kuwa mumewe ameanza kuelewa. Silvanus naye nitamwambia kesho akitoka kazini.

Usihofu, safari hii nimetumia akili. Mabango hayamo. Daftari hili anakuletea Method, anaondoka Jumanne. Huko nako uchaguzi wenu umesogezwa Desemba, najua kanga zinagawiwa. Nichukulie za vyama viwili, rangi mbalimbali, kila mmoja humu ndani nimvalie yake. Mpe huyohuyo Method, hakai zaidi ya wiki mbili. Na unijibu upesi, Dada, kabla hawajakaa mezani pamoja.