Giaboksi Iliyokunywa Maji ya Mtera

Maji yalikuwa yameingia kwenye giaboksi ya boti. Oili iliyotakiwa kuwa nyekundu ilitoka nyeupe na nzito, kama chai ya maziwa iliyolala. Boti ilikuwa imefungwa bwawani Mtera, haiendi mbele wala nyuma. Giaboksi yenyewe ilikuwa Ipogolo, Iringa, uani kwa mwenye boti, Veneranda, juu ya gunia.

Obeid alipata habari hiyo Uyole kwa dereva wa lori, na supu yake hakuimaliza. Kule Matema, ziwani, alikuwa anamjua mwenye boti mmoja, Gwakisa, aliyekuwa akitafuta giaboksi ya aina hiyo hiyo kwa milioni tatu.

Obeid alikuwa fundi kweli, hilo tusimnyime. Mikono yake ilikuwa minyoofu. Kilichopinda ni mdomo. Mfukoni hakuwa na kitu, kwa hiyo aliuza mashine yake ya kuchomelea, ile kubwa iliyokuwa inalisha nyumba yake pale mtaani Soweto.

"Utachomelea na nini?" mkewe Faustina alimuuliza.

"Jumamosi nitakuwa nazo mbili," alijibu, akapanda basi la Iringa.

"Kamwene, mama," alimsalimu Veneranda.

"Kamwene, fundi. Hebu nitazamie. Hiyo boti ndiyo inasomesha wanangu."

Obeid alifungua kipoozeo cha oili, lile bomba ambamo maji ya bwawa hupita kupoza oili. Akaziba upande mmoja, akakizamisha kwenye beseni, akapuliza upande wa pili. Mapovu yakapanda kutoka kwenye kitundu kimoja kidogo. Kitundu cha namna hiyo fundi yeyote angekilehemu kabla ya chakula cha mchana. Obeid alikohoa, akakitoa majini haraka.

"Hiki kizima," alisema kwa sauti ya daktari anayetoka wodini. "Ugonjwa uko ndani, mama. Gia zimeoza."

"Haziponi?"

"Hata uzipeleke Ulaya."

"Basi nitupe tu."

"Usitupe, mama yangu. Nitakupa laki nane, niende kuyeyusha chuma."

"Laki nane kwa maiti, fundi?"

"Nina huruma."

"Kama ni huruma, ifikishe milioni."

Akaifikisha. Ila aliogopa kwamba siku moja mama huyu atasikia giaboksi inazunguka Matema, aje kudai. Akaomba waandikishane. Balozi wa nyumba kumi, mzee Kalinga, alitoa daftari, na Obeid mwenyewe akamsomea la kuandika: giaboksi ni mbovu, imeoza, pande zote mbili zinajua, hakuna atakayemfuata mwenzake. Akatia saini, kisha akaongeza dole gumba ambalo hakuna aliyemwomba.

Kule Matema Obeid alilehemu kitundu cha kipoozeo, akasafisha giaboksi kwa dizeli mara mbili, akatia oili mpya na kuifunga kwenye boti ya Gwakisa. Wakaingia ziwani. Baada ya nusu saa alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa cheupe.

Akaifungua tena yote. Safari hii alipima hadi ganda la giaboksi, kazi aliyopaswa kuifanya Ipogolo kama furaha isingemzuia. Ndani, kwenye ukuta unaotenga njia ya maji na oili, kulikuwa na ufa mrefu usiokubali kuchomelewa.

"Ondoa chuma chako kwenye boti yangu," Gwakisa alisema, "kabla sijakutoa wewe."

Obeid akampigia simu Veneranda. "Mama, ganda lina ufa."

"Najua. Fundi wa Mtera aliuona mwezi uliopita."

"Na kile kitundu?"

"Nilikitoboa mwenyewe kwa msumari. Nikasema, akija fundi mkweli ataniambia nizibe, nami nitamwonyesha ufa na kumpa nauli yake. Akija wa aina nyingine, atanunua."

Obeid akauliza, "Walikuja wangapi kabla yangu?"

"Wawili. Wakweli wote wawili, fundi. Nilishaanza kukata tamaa."

Milioni ile ilinunua giaboksi ya mtumba, na boti ya Veneranda ikarudi kazini. Obeid hakuwa na pa kudai, maana maneno yote ya daftari la balozi yalikuwa yake. Alirudi Uyole na mzigo wake, akaupeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Faustina alikuja kusimama kando ya mizani, mikono kiunoni.

Kununua giaboksi, milioni moja. Oili, dizeli na nauli, laki moja na elfu themanini. Mizani ilisoma kilo hamsini na nane, kwa shilingi mia nane kila kilo: elfu arobaini na sita na mia nne. Hasara, milioni moja, laki moja, elfu thelathini na tatu na mia sita.