Nilivyopimwa Moyo Mama Mkwe Akiwa Chumbani

Nimeaibika leo. Si ile aibu ya kujikwaa sokoni ukajifanya unaokota kitu. Hii ni aibu ya kuhama kaunti.

Kwa wiki kadhaa kifua kimekuwa kikinichoma. Kaka yangu mkubwa alianguka shambani mwaka jana akiwa ameshika jembe, na hakuamka tena. Kwa hiyo mimi nikisikia moto kifuani sisemi ni gesi. Naogopa, tena sana. Daktari wa Migori alinisikiliza, akakunja uso, akanituma Homa Bay kwenye kliniki yenye mashine ya kupima moyo ukiwa unakimbia.

"Vaa nguo nyepesi na raba," akaniambia.

Raba! Kwa daktari wa moyo! (Mimi ni mtu wa heshima pale Uriri. Nauza vipuri vya pikipiki.) Nikavaa suti yangu ya harusi na viatu vyenye ncha. Halafu mke wangu, Mama Akinyi, kwa huruma zake nyingi, akampigia simu mama yake anayeishi huko huko Homa Bay. "Atakungoja getini, usiwe peke yako," akaniambia. Asante sana, mke wangu. Mungu akulipe.

Kama wewe si wa huku kwetu, nikueleze. Mama mkwe humpi mkono. Huli mbele yake. Akiingia sebuleni, wewe unakumbuka ghafla kwamba ng'ombe hajanywa maji. Tangu nioe, huyu mama hajawahi kuniona hata bila koti.

Nilimkuta getini, leso begani. Nikasimama mbali. "Misawa, Mama." Akaitikia akiwa anatazama miti. Heshima tupu! Nikaingia ndani nikijipongeza kwa malezi mema.

Ndani wakanilaza, wakanipaka kitu baridi kifuani, wakautazama moyo wangu kwenye skrini. Daktari, kijana mpole, akasema, "Unasukuma damu vizuri ukiwa umelala. Sasa tuone ukipewa kazi." Sista akaninyoa kifua mahali mahali (nikabaki kama shamba lililopitiwa na nzige), akanibandika waya, akanifunga kisanduku kiunoni. Mshipi ukatolewa ili kisanduku kikae sawa. Lakini tangu nianze kuogopa nimekonda, na ile suruali ya harusi siku hizi ni ya mtu mwingine. Nani anamwambia sista mambo kama hayo?

"Umekuja na nani?" sista akauliza. "Hii kipimo lazima mtu wa familia awe hapa."

"Sina mtu."

"Na yule mama anakuombea huko nje?"

"Sista, yule ni mama mkwe!"

"Si huyo ni familia?" (Sista ni wa Kitui, mila zetu hazijui. Nimemsamehe. Au karibu nimsamehe.)

Akaenda kumwita. Mama akaketishwa kwenye kiti, nyuma yangu kabisa. Mimi hapo nimesimamishwa juu ya mkanda wa ile mashine ya kukimbilia, kifua wazi, waya kila mahali. Maskini akajifunika leso uso mzima na kugeukia ukuta.

Skrini ikaanza kulia. Daktari akaitazama, akanitazama.

"Mzee, mbona moyo inakimbia hivyo? Sijawasha mashine."

"Wewe washa tu, daktari."

Akawasha. Mwanzoni ni kutembea tu. Viatu vya ncha vikaimba ko, ko, ko. Baadaye mashine ikainuka kama kilima na kuongeza mwendo.

"Kifua inauma?"

"Hapana!"

Na kweli hakikuuma. Shida ilikuwa suruali, imeanza safari. Nikaidaka kwa mkono mmoja.

"Shika chuma na mikono yote!" sista akafoka.

Nikashika chuma. Suruali ikashuka. Nikashika suruali, nikayumba. Huko nyuma Mama alisikia ninavyohema, akaanza kumlilia Mungu kwa Dholuo asimchukue baba wa wajukuu wake. "Nyasaye! Nyasaye!" Mashine ikiongeza mwendo, naye anaongeza sauti.

"Simamisha!" nikapiga kelele.

Nilichelewa. Suruali ilishafika kwenye vifundo vya miguu. Ikanifunga kama mbuzi wa sokoni, mashine ikanibeba kinyumenyume na kunitema sakafuni, miguuni pa mama mkwe. Naye akadhani nimekata roho. Akatoa leso usoni ili anione mara ya mwisho.

Akaniona. Boksa yangu ilikuwa imetoboka. (Tundu moja tu. Nasema moja.)

"Yawa," akasema polepole. Kisha akanitupia ile leso, na akageukia ukuta tena.

Daktari akanipima presha, akakagua miguu na mikono, akarudi kwenye michoro yake. Alikaa nayo muda mrefu. Mimi nilibaki sakafuni, nimejifunga leso iliyoandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikimfikiria kaka yangu.

"Mzee, moyo yako iko sawa kabisa," akasema. "Hiyo inakuchoma ni asidi ya tumbo. Punguza pilipili, na usilale ukiwa umeshiba."

Nikalia. Nililia kama mtoto, mbele ya sista, mbele ya daktari, mbele ya mgongo wa mama mkwe. Nitawaona watoto wangu wakikua! Kwa dakika ile hata aibu niliisahau.

Ilinirudia nje. Mama alikuwa getini, simu sikioni, anamwambia binti yake kwa Dholuo, na pale getini hakuna asiyejua Dholuo:

"Nyara, moyo wake ni mzima kabisa. Mgonjwa ni boksa. Hiyo ndiyo inataka matibabu, tena ya haraka."

Msicheke, tafadhali. Kwa moyo huu nitaishi miaka mingi, na mama mkwe mwenyewe bado ana nguvu: tutakutana tena na tena.