Twita Mpya kwa Sauti ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeharibu. Kwaya ya mke wangu imerekodi wimbo, na ubeti wa pili anaimba peke yake, sauti ya kwanza, ile nyembamba ya juu kabisa. Tumeuweka kwenye gari tukirudi nyumbani kutoka kwa dada yangu. Ubeti wa pili ukafika, ukapita. Nikauliza mbona hapo wameacha kinanda kitupu. Binti yangu akasema yeye amemsikia mama vizuri tu. Mtoto mwenye heshima, namshukuru.

Tulipofika, mke wangu alikunja sare yake ya kwaya akaitupa juu ya kabati, kule kwenye mablanketi ya wageni. Akasema Jumamosi haendi mazoezini, wala Jumamosi nyingine yoyote. Kama mume wake mwenyewe hamsikii, nani mwingine atamsikia?

Kosa si langu. Kosa ni la twita, zile spika ndogo za mlangoni zinazotoa sauti nyembamba. Zimekufa. Nashukuru nimegundua mapema. Nina siku tano.

Jumanne, 4 Machi

Dukani. Muuzaji mvumilivu sana. Kumbe kuna twita za hariri na twita za bati jembamba. Akaeleza kwamba za hariri ni laini, za bati ni kali, zinachoma. Akanipigia zote, moja baada ya nyingine. Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye kujua. Tofauti sikuiona, lakini mtu mzima hakiri mambo hayo dukani. Nikamuuliza zipi ni bora. Akasema inategemea sikio la mtu.

Nimechukua za hariri kwa sababu mke wangu anapenda hariri. Mlangoni nikakutana na shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye gari lake husikika kabla halijaonekana. Akachungulia mfuko wangu, akasema hizo ni za wazee. Namshukuru kwa ushauri, ingawa sikuuomba.

Jumatano, 5 Machi

Nimezifunga mwenyewe. Saa tatu nzima! Kipande kimoja cha mlango kimebaki mkononi. Nimekiweka kwenye droo, gari halijalalamika.

Nimeuweka wimbo. Kinanda kitupu. Karatasi ya maelezo ilisema twita zisifungwe bila kichujio, yaani kile kidude kinachozuia besi isiingie humo ikaziunguza. Niliona ni ujanja wa kuuza vidude. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, labda zinahitaji kuzoea. Ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Nashukuru hazikuondoka na gari.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya: kujua shemeji anatumia twita gani. Alikuja kumsalimia dada yake, akaegesha uani. Nikatoka kwa kunyata, bisibisi mkononi, nikafungua mlango wa gari lake, nikaanza kubandua kifuniko cha twita.

Kumbe gari lile, mlango ukiwa wazi, hulia. Hulia sana, kwa maelezo ya waliotoka: shemeji, mke wangu, watoto wote wawili na jirani akiwa na taulo. Mimi sikusikia chochote. Nilipogeuka niliwakuta wamejipanga. Nikasema nilikuwa namfutia shemeji vumbi. Akasema asante sana, na vioo usivisahau. Nimefuta vyote.

Mke wangu hakucheka. Siku nyingine angecheka mpaka ashike ukuta. Hilo limeniuma, na sina njia nyingine ya kuliandika. Ila nashukuru nimeona kitu kimoja kabla ya kukamatwa: twita za shemeji ni za bati.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenunua za bati, na safari hii nimempelekea fundi. Fundi mtaratibu. Akazifunga pamoja na kichujio chake, akanikalisha kiti cha dereva, akauweka ubeti wa pili. Nikamwambia pole, hizi nazo mbovu. Nikamtazama. Alikuwa ameziba masikio kwa viganja viwili.

Akazima redio. Akaniuliza kwa upole, kama mtu aletaye habari za msiba, ni lini mara ya mwisho nilisikia ndege. Nikafikiri. Nikaendelea kufikiri. Akanishika mkono akanivusha barabara mpaka zahanati.

Muuguzi alichungulia sikio la kulia, akamwita mwenzake naye achungulie. Maji ya uvuguvugu, bomba la sindano, sikio la kulia kisha la kushoto. Nta iliyotoka sitaieleza kwa urefu. Ndani yake kulikuwa na kichwa cha njiti ya kiberiti, ya lini sijui. Muuguzi akanikataza kuchokonoa masikio maisha yangu yote. Nikamsikia kila neno. Nikasikia na viatu vyake, na feni, na mtu akifungua peremende chumba cha pili.

Tukarudi kwenye gari. Ubeti wa pili.

Yupo. Yupo juu ya kinanda, wazi kabisa, mke wangu wa ndoa ya miaka kumi na tisa. Hata pale anapovuta pumzi kabla ya mstari wa mwisho, nimemsikia. Nimelia. Fundi akajifanya anatafuta spana. Namshukuru fundi. Namshukuru muuguzi, na mwenzake pia. Namshukuru Mungu aliyemfanya mke wangu aimbe na mimi nisiwe kiziwi moja kwa moja.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemweleza mke wangu yote, hata njiti. Akauliza, basi mstari wa mwisho anaimba nini. Nikamtajia maneno, nikamwambia na pale anapovuta pumzi. Akaniambia nipande kiti nimteremshie sare yake.

Nimeipiga pasi mwenyewe. Nimemfikisha mazoezini mapema, nikamsubiri nje saa mbili nzima, vioo vya gari nimevishusha vyote. Njiani kurudi alisema twita za zamani zilikuwa nzima. Nimekubali. Nimeapa kwamba kuanzia leo, kabla sijanunua chochote, nitaangalia kwanza kama mbovu ni mtu au ni chombo. Amenitaka niliandike hapa. Nimeandika.

Jumatatu, 10 Machi

Tumempitia mama mkwe, miaka themanini na mitatu, Mungu azidi kumtunza. Alikaa kiti cha nyuma. Nikamwekea wimbo, nikatulia nifurahie naye. Ulipokwisha nikamuuliza ameuonaje. Nilimuuliza mara tatu. Akajibu kwamba ndiyo, ameshakula, asante.

Mke wangu akanikazia macho. Nikamwelewa papo hapo, na namshukuru kwa kunizindua: kiti cha nyuma hakina twita. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi. Nitachukua jozi mbili, za hariri na za bati, maana mama mkwe hatujui anapenda zipi.