Dakika Hamsini za Mwalimu wa Udereva

Jumatatu, 3 Machi

Nimebanwa. Mke wangu ameniwekea miadi kwa mshauri nasaha, kesho saa nne asubuhi, bila hata kuniuliza! Nikamwambia sina tatizo lolote. Akauliza kwa upole, ule upole wake wa kutisha, kwa nini basi mwalimu wa udereva anafundisha akiwa amesimama nje ya gari na filimbi mdomoni.

Nikajibu ni mbinu mpya ya ufundishaji.

Hakucheka.

Ukweli naweza kuuandika hapa tu. Tangu lori litugonge pale makutanoni, miezi minne sasa, siwezi kukaa kwenye kiti cha mwalimu. Nikifunga mkanda tu, moyo mbio, mguu unakanyaga breki hata gari likiwa limezimwa. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Mwanafunzi wangu, dada mmoja fundi cherehani, alivunjika mkono. Kazini nimesema ni mgongo. Naanza kuinama nikifika getini. Nikifika ofisini nainama zaidi.

Gia ananishuku. Ni mwalimu mwenzangu, tumempa jina hilo kwa sababu akizidiwa kwenye ubishi hubadilisha mada. Leo kaniletea mto wa kukalia. Mnafiki! Anajua Mkuu wa shule yetu anatafuta kiongozi wa walimu wa barabarani. Mkuu kasema pia kuwa asiyeingia garini ndani ya wiki mbili atahamishiwa darasani kabisa, akafundishe alama za barabarani ubaoni. Ubaoni! Mimi!

Bima ya kazini siigusi, fomu yake inapita mezani kwa Mkuu. Nitalipa mwenyewe. Na kwa kuwa nalipa mwenyewe, mpango ni huu: nipone kesho.

Jumanne, 4 Machi

Sijapona.

Nilifika mapema nikiwa na faili. Ndani: mchoro wa makutano kwa kalamu za rangi, na maelezo ya kurasa tano ambamo napaza sauti "Hatari!" na kuokoa watu kwa utulivu wa hali ya juu. Nilitarajia kochi la kulalia na mzee mwenye ndevu. Nikakuta viti viwili vya kawaida, boksi la tishu, saa ya ukutani, na dada wa umri wa mdogo wangu, viatu bapa. Nikamwita daktari. Akasema mshauri inatosha.

Alianza na taratibu. Ninayosema yanabaki pale, isipokuwa kama maisha yangu au ya mtu mwingine yako hatarini. Nisipofika bila kutoa taarifa siku moja kabla, nalipa vilevile. Kikao ni dakika hamsini. Nikauliza dakika kumi zilizobaki zinakwenda wapi. Akasema anaandika kumbukumbu na kupumua. Nikapendekeza apumue kwa muda wake binafsi. Akacheka sana! Sikuwa natania.

Kisha maswali. Nalalaje, nakula, nyumbani niko na nani. Nikafungua faili. Akaniomba niliweke pembeni, leo hatuingii kwenye ajali. Hatuingii? Nimekuja kwa ajili gani? Akaeleza kwamba kwanza tunatafuta mahali imara pa kukanyaga, ndipo tusogee, na breki itakuwa yangu: nikisema simama, tunasimama. Akaniambia nibane nyayo sakafuni na nitaje vitu vitano ninavyoviona.

Nimelipa kuhesabu viti! Lakini mabega yalishuka yenyewe. Sijui yalikuwa yamepanda tangu lini.

Nikauliza vikao vingapi. Kasema tutatazama pamoja baada ya sita. Nikauliza kama mtu mwenye bidii anaweza kumaliza vyote sita wiki hii. Hapana. Cheti cha kuhitimu je? Hakuna cheti.

Alhamisi, 6 Machi

Zoezi la nyumbani: nikae ndani ya gari lililozimwa, dakika mbili, mlango wazi, nitoke kabla hali haijawa mbaya. Dakika mbili ni za watoto. Nikaamua saa nzima.

Wakati wa mapumziko nikajipenyeza kwenye gari la mafunzo nyuma ya stoo, kiti cha dereva. Mlango nikafunga, mkanda nikafunga. Dakika ya tisa lori la mchanga likapiga honi huko barabarani. Nikasahau mkanda unafunguliwaje! Nikauinamia usukani, paji la uso likatua juu ya honi na kubaki hapo.

Shule nzima ilikuja. Wanafunzi, Mkuu, mama wa mapokezi na kikombe chake. Gia akaniuliza mgongo unaendeleaje. Nikasema nakagua honi. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba honi ni nzima.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mke wangu ameniwekea barafu usoni. Kaniuliza kama mshauri alisema saa nzima. Nimejifanya nimesinzia.

Jumanne, 11 Machi

Nilikusudia kumficha mshauri mambo ya honi. Lakini paji la uso lina alama ya duara.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema mwili wangu haushindani na mtu, na kwamba dakika tisa zimetufundisha kitu: tunarudi kwenye mbili. Nikakasirika, nikanyakua faili nimsomee walau ukurasa wa kwanza, karatasi zikamwagika sakafuni zote. Nikainama kuokota. Na hapo chini, huku nimeshika mchoro wangu wa rangi, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nilikuwa naangalia viatu."

Akaniokotea karatasi moja. Ningekuwa mimi ningeuliza viatu gani.

Viatu vya kahawia, vya kamba, kwenye dirisha la duka pale makutanoni. Gari letu la mafunzo lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Mimi mwalimu nilikuwa nachagua viatu. Sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Nikalia mpaka kwikwi. Tishu sita, nilizihesabu baadaye kwenye mfuko.

Mshauri alinishukuru kwa kumwamini. Kisha akauliza, katika zile sekunde, nini nakijua kwa hakika na nini nimejisimulia. Akauliza kama nimewahi kuzungumza na yule fundi. Sijawahi! Miezi minne nazunguka mtaa wa nyuma nisipite mbele ya duka lake. Hakunituma kwake. Aliuliza tu, na akasema kama nikitaka, tutajiandaa pamoja.

Alinionya naweza kuchoka. Nimekula sahani mbili na kulala fofofo mchana kutwa. Nilipoamka nikamwambia mke wangu habari za viatu. Akanishika mkono muda mrefu. Halafu akauliza kama vilikuwa na kisigino.

Jumamosi, 15 Machi

Kujiandaa kunachukua muda. Nina njia ya mkato: nitakwenda kwa fundi kwa kujificha, kama mteja wa kawaida, nione ule mkono kisha niondoke. Miwani myeusi. Kofia ya jua ya mke wangu, pana. Suruali ya kupunguzwa urefu.

Fundi hakuinua hata kichwa vizuri. "Mwalimu! Karibu. Hii suruali mbona fupi tayari?"

Nikavua kofia. Nikasema tu, "Mwanangu, nisamehe. Nilikanyaga breki nimechelewa."

Akaacha cherehani. "Nani kakwambia umechelewa?"

"Nilikuwa naangalia dukani."

"Sawa, uliangalia. Lakini uligeuka kabla mimi sijaliona hata hilo lori. Mguu wangu ulikufa ganzi, mwalimu, sikukanyaga chochote. Breki ilikuwa yako. Lilipita mbele, likatupiga kona tu." Akakunja mkono na kuukunjua mbele ya uso wangu, mara mbili, tatu. "Huu ndio ninaoshonea. Miezi minne nakutafuta nikushukuru, shuleni naambiwa unaumwa mgongo!"

Nililia tena, safari hii juu ya suruali. Yeye akalia. Mteja aliyesubiri gauni lake naye akalia, bila kujua kisa.

Kumbe ana leseni! Na kagari kadogo ka kijani. Akasema anapeleka mapazia mtaa wa pili, kama nataka nimsindikize. Nikamweleza kila kitu: mshauri, dakika mbili, mlango wazi. Tukakaa dakika mbili gari likiwa limezimwa. Nyayo sakafuni. Vitu vitano: usukani, mapazia, pini, kitambaa cha maua, fundi akinisubiri bila haraka. Nikasema twende. Baada ya mita hamsini nikasema simama, akasimama. Twende. Simama. Twende. Kwenye mzunguko akaingiza gia vibaya, gari likakwaruza, nikasikia sauti kubwa ikifoka, "Klachi, mama, klachi!"

Sauti yangu! Tulicheka mpaka akaegesha pembeni.

Nyumbani mke wangu alinikuta nikishuka kwenye kagari ka kijani, kofia yake kichwani. Alicheza pale pale mlangoni, na mwiko mkononi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeingia garini kazini! Mwanafunzi mpya, mstaafu wa benki, alizima gari mara saba ndani ya uwanja. Sijawahi kusikia muziki mtamu namna ile. Mguu ulipoanza kutafuta breki, nikamwambia mzee tusimame, tukasimama, tukaendelea. Nilikuwa nimenyooka kabisa. Mkuu akanipongeza kwa mgongo.

Kisha akamteua Gia kuwa kiongozi.

Gia! Nilikuwa nimeanza kununa ipasavyo aliponivuta nyuma ya stoo. Akasema fundi cherehani amemweleza kila kitu, ni binamu yake. Nikangoja kejeli. Akaangalia viatu vyake na kusema yeye tangu mwaka juzi hawezi kuvuka daraja la reli, huzunguka mji mzima, wanafunzi wanadhani ni sehemu ya somo. Akaomba namba ya mshauri. Halafu akabadilisha mada.

Nikampa namba. Mikono yetu yote miwili ilikuwa na jasho.

Jumanne, 18 Machi

Kikao cha tatu. Mshauri alifurahi, nilimwona. Akasema pia tusikimbie: kutakuwa na siku mbaya, lori litapiga honi, na hiyo haitamaanisha nimerudi nyuma. Tunaendelea Jumanne ijayo, polepole. Nikakubali kabisa. Polepole ndiyo njia.

Kisha nikamweleza mpango. Madereva wenye hofu mjini ni wengi mno, na mimi sasa nina ujuzi wa vikao vitatu. Nitawakusanya kumi na wawili, tutawatibu kwa pamoja ndani ya basi la shule, likitembea, juu ya daraja la reli. Watapona wote Jumamosi moja. Yeye atashughulikia mioyo, mimi breki. Nilimwomba anitambulishe kama mshauri msaidizi.

Alisema hapana. Alisema hapana mara tatu, mara ya tatu akiwa amesimama.

Nimemwelewa: anataka kwanza aone nina nia. Nimetoka pale moja kwa moja kwa mchora vibao. Kitakuwa tayari Ijumaa, herufi za bluu, na picha yangu nikiwa nimekunja mikono.