Pudingi na Namba Isiyoisha

Jumamosi, 8 Juni 1957

Binti yangu Beryl kapewa kompyuta atumie! Nzima, kubwa kuliko sebule yetu, mpaka Jumatatu jioni, maana ni sikukuu ya Pentekoste na wapiga hesabu za mishahara wako mapumzikoni. Anatafuta namba ya duara: mzingo wa sufuria gawa kwa upana wake. Eti haina mwisho, naye anataka tarakimu maelfu. Nikamuuliza kwa nini asipime kwa kamba. Akanibusu.

Balaa: Neville, mtoto wa jirani, anaitafuta namba hiyohiyo, mashine hiyohiyo, kwa njia nyingine! Mamake, Bi. Entwistle, kaniambia huku akianika shuka: Neville ana akili, Beryl ana bidii. Bidii! Nimecheka kwa meno tu.

Jumapili, 9 Juni

Beryl kamaliza. Zamu ya Neville. Nimempelekea pudingi ya nyama na figo, nzito kama tofali. Akasema, "Mama Beryl, wewe malaika!" Kala yote. Kalala na kijiko mkononi. Taa moja ya mashine ikaungua, mashine ikazimika, yeye anakoroma! Nimerudi nikiimba.

Jumatatu, 10 Juni

Mungu wangu! Beryl analia. Kumbe si mashindano! Majibu mawili lazima yafanane, ndipo yaaminiwe. Bila la Neville, la Beryl ni karatasi ya kufungia samaki. Akauliza nani kamlisha Neville vile. Nikasema watu wana roho mbaya.

Mbio kwa Bi. Entwistle. Tukaenda kwenye mashine na kofia zetu za sikukuu; Neville kashabadilisha taa, anaanza upya. Yeye anamfinya mwanawe sikio, mimi namnywesha chai nyeusi kama lami. Nikamwambia akisinzia, namwimbia. Akasinzia. Nikaimba. Hakurudia.

Jioni, wanakaribia kufukuzwa, karatasi ikatoka. Beryl anasoma yake, Neville anafuatisha kwa kidole. Zimefanana! Nimemkumbatia Bi. Entwistle hadi kofia yake ikabonyea.

Jumanne, 11 Juni

Nimewaza huku namenya viazi. Maelfu yote, hata moja isipishane? Haiwezekani bila mtu kuchungulia. Na nani alitangulia kumaliza? Beryl kanieleza tena, polepole. Nimeitikia. Maskini, moyo wake mweupe mno.

Agosti kuna sikukuu nyingine, na wale wawili wana namba nyingine isiyoisha. Pazia la kuwatenganisha nimeshakata. Jekundu, zito. Achungulie sasa!