Ushuhuda wa Mama Kwenye Interview Yangu

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na aliyenivua ni mama yangu mzazi. (Nguo za heshima. Msianze.)

Wengi wenu mnajua kwamba mwaka jana niliacha kazi ya kuuza dawa za mifugo kwenye agrovet hapa Embu mjini, nikatangaza kwamba naingia UX. Kwa wasiojua, UX ni kazi ya kupanga app na tovuti ziwe rahisi kutumia, mtu asihangaike kutafuta pa kubonyeza. Nimejifunza kwa video, hapa hapa chumbani kwangu mtaa wa Majimbo, kwenye meza ambayo pia ndiyo jikoni. Nimetuma maombi ya kazi mpaka vidole vikachoka. Walionijibu ni wachache, na wote walinitakia kila la heri. Ndipo juzi kampuni moja ya Nairobi ikanipigia! Nafasi ya mafunzo ya miezi sita, mahojiano kwa video leo saa nne asubuhi. Niliruka mpaka jirani akagonga ukuta.

Walikuwa na sharti moja. Nimkalishe mtumiaji halisi mbele ya kamera, nimpe app niliyobuni, waone ninavyomjaribisha.

Nani mwingine kama si mama? App yangu ni ya akina mama wanaouza ndengu soko la Ishiara, na mama anauza ndengu Ishiara tangu kabla sijazaliwa. Isitoshe, alikuwa ameshaijaribu. Mwezi uliopita nilishinda kule siku tatu na daftari langu, nikamkalisha yeye na wenzake wa ushirika wa akina mama kanisani, mmoja mmoja. Kila mmoja alitangaza gunia lake la ndengu kwenye app bila kuuliza swali hata moja. "Ni rahisi sana, Wawira." "Hii imetoka kwa Mungu." Nikayaandika yote kwenye portfolio, lile faili la kuonyesha kazi zangu, kwa herufi nzito: WOTE WALIFAULU BILA MSAADA. (Rangi ya kijani. Nilijipongeza kwa ile kijani.)

Mama alifika jana na mfuko wa kunde na kitambaa chake cha ushirika cha kufunga kichwani. Nikamuuliza kitambaa ni cha nini.

"Si naenda kusimama mbele ya watu?"

"Utakaa, mama. Hakuna kusimama."

"Sawa," akasema, na akakipiga pasi.

Saa nne kamili tukaunganishwa. Upande wa pili alikuwa Madam Atieno, mkuu wa idara, miwani na uso wa mwalimu wa zamu. Pamoja naye alikuwa mwenzake anayeitwa Dan, ambaye alikuwa amezima kamera.

Nilianza vizuri, jamani. Nikafungua portfolio, nikaeleza, Kiingereza kikatoka kama maji. Madam Atieno akanisimamisha kwenye ile kijani.

"Wote walifaulu?"

"Wote, madam."

"Bila msaada?"

"Bila." (Hapo nilikuwa nimekunja nne, mguu juu ya mguu.)

"Sawa. Mpe mama simu, halafu wewe usogee. Tunataka tumwone yeye peke yake."

Nikasogea. Nikaenda nyuma ya laptop, kando ya mtungi wa gesi, mahali ambapo kamera haifiki lakini mama ananiona. (Sikuwa na nia mbaya. Chumba ni kimoja, ningeenda wapi?)

Mama akashika simu. Akaiangalia. Akaniangalia mimi. Nami, kwa kuwa nimekatazwa kusaidia, nikatazama dari. Mama naye akatazama dari.

Dakika nzima ikapita hivyo.

"Mama, unatafuta nini?" Madam Atieno akauliza.

"Natafuta tu."

Kitufe kiko pale chini, kikubwa, mtu hawezi kukikosa! Nikashindwa kuvumilia. Nikashusha macho. Mama akashusha kidole. Nikatikisa kichwa kidogo tu, akabonyeza, ukurasa wa pili ukafunguka. Haleluya ya kimoyomoyo. Akaniangalia tena, nami nikaanza kunyoosha kidole.

"Mama," Madam Atieno akasema kwa upole, "usijali kama ni ngumu. Hatukupimi wewe, tunapima app. Wewe sema tu kila kitu unafikiria. Chochote kiko kwa roho. Usifiche."

Ndugu zangu, kwenye UX hiyo ni mbinu ya kawaida. Nimeisoma, nimeifanyia mazoezi. Lakini huwezi kumwambia mwanamke wa ushirika wa Ishiara aseme kilicho rohoni mbele ya watu, halafu utegemee aongee kuhusu vitufe. Mama aliweka simu mezani. Akafunga kitambaa vizuri. Akasimama.

"Bwana asifiwe!"

"Amen," akasema Madam Atieno. Nadhani ilimtoka tu.

"Bwana asifiwe tena!"

"Amen!" Huyo sasa alikuwa Dan.

"Mimi naitwa Mama Wawira, nimeokoka, na Yesu ni mwokozi wa maisha yangu. Niko na ushuhuda. Huyu mtoto wangu alikuwa na kazi mzuri ya dawa ya ng'ombe. Akaacha. Akasema anaenda kuchora simu. Mimi nililia. Nikauliza Mungu, huyu amerogwa ama ni hiyo internet? Lakini nikaona vile anaamka mapema anasoma, hata kama hakuna mtu anamwona. Nikasema, Baba, kama anataka hii, basi mpatie hii."

Sikuwahi kujua kwamba aliniombea hivyo. Ningependa ushuhuda uishie hapo, lakini mama alikuwa ndiyo kwanza anapata moto.

"Sasa akakuja Ishiara na hiyo app. Watu wa Nairobi, niseme ukweli?"

"Sema, mama."

"Hatukuelewa kitu. Hata mmoja wetu! Tukakaa chini na akina Mama Njiru, tukaambiana, tusivunje mtoto moyo. Mtoto akikuchorea picha, unamwambia ni ng'ombe mzuri. Hata kama wewe unaona ni meza."

Nikamsikia Dan akikohoa. Hakuwa na kikohozi chochote.

"Lakini Wawira ameandika nyote mlifaulu," Madam Atieno akasema. Alikuwa ameshika kalamu.

"Tulifaulu! Si tulikuwa tunaangalia uso wake? Mimi nauza ndengu miaka mingi. Mnunuzi akikuja, naangalia macho, najua anataka gunia gani kabla afungue mdomo. Huyu naye hana siri. Akiangalia chini, tunafinya chini. Akikunja uso, tunatoa kidole. Mama Njiru ndiye alimaliza haraka kuliko sisi wote, na siku hiyo alikuwa amesahau miwani."

(Mama Njiru ndiye niliyemweka ukurasa wa kwanza wa portfolio. Na picha yake.)

"Na hapa inaniuliza kilo. Nani anauza ndengu na kilo kwa soko yetu? Sisi tunapima na gorogoro! Na huyu ndiye nilikuwa natuma kujaza hiyo mkebe, tangu akiwa nasari mpaka akamaliza form four."

Ni kweli tupu. Nimelelewa na gorogoro, nimesomeshwa na gorogoro, na nilipoketi mbele ya kompyuta nikaandika kilo. Sijui nilikuwa nafikiria nini.

"Na hata saa hii bado ananionyesha," mama akasema. "Si mumwone wenyewe!"

Akaigeuza laptop.

Jamani. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya mtungi wa gesi. Koti la suti juu, leso chini. Kidole kile kile bado kimenyooka kuelekea sakafuni, macho yamenitoka, mdomo umekaa tayari kutamka "chini." Nikabaki hivyo hivyo. Nilitumaini kwamba nisipotikisika watadhani picha imeganda. (Network ya hapa huganda kila siku. Leo ilikuwa safi.)

"Wawira," akasema Madam Atieno.

"Madam."

"Shusha kidole."

Nikashusha. Dan akawasha kamera kwa mara ya kwanza, nikamwona anafuta machozi kwa kola ya shati.

Madam Atieno hakucheka, ingawa kidevu kilikuwa kinamtetemeka. "Kila mtu huniletea watumiaji waliofaulu," akasema. "Wote huwa wamefaulu, sijui hutoa wapi watu kama hao. Sasa sikiza. Ile kijani yako futa. Andika haya mama amesema, yote, panga app upya, uniletee Alhamisi ijayo. Na ukirudi kuwajaribisha, kaa mahali hawakuoni."

"Kwa hivyo nimepita?"

"Kwa hivyo uniletee Alhamisi." Halafu sauti ikalainika. "Mama, asante sana. Umetusaidia kweli."

"Mungu awabariki," akasema mama, akaketi.

Nilipozima laptop nikaketi sakafuni.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Ulikuwa umefurahi hivyo, na kadaftari kako."

Nikamchemshia chai, majani mengi vile anavyopenda. Nilikuwa nimemkasirikia na nilikuwa nampenda, vyote kwa pamoja, mpaka nikatia sukari mara mbili.

Nikiwa bado nakoroga, nikamsikia yuko kwa simu na Mama Njiru, kwa ile sauti yake ya sokoni.

"Ee, ndio natoka kwa interview saa hii! Watu wawili wa Nairobi. Wameniuliza maswali, nimejibu yote. Yule mkubwa alikuwa anaandika tu, anaandika tu. Amesema nimewasaidia kweli." Akasikiliza. "Wawira? Ee, hata yeye alikuwa hapo. Lakini yeye ameambiwa arudie."

Akakata simu, akanigeukia, uso mzima unang'aa.

"Sasa, kazi naanza lini?"

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, kisha nikamtazama.

"Watapiga simu, mama."

Tafadhali msicheke kwa sauti. Yuko hapa kando yangu, anauliza kama kwenye ofisi za Nairobi watu huvaa viatu vya kufunika vidole.